Usimwongeze Mtu Kwenye Albamu ya Zamani, Mfungulie Mpya

Nimekuwa kimya muda mrefu, kazi za watu zimenibana, na nilikuwa nimepanga kurudi na makala tulivu kuhusu hifadhidata. Hiyo itangoja. Leo nimekuja na hasira, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Ninasema hivi, na atakayepinga apinge: kumwongeza mtu kwenye albamu ya picha ambayo tayari imejaa ni kosa. Ukitaka kumwonyesha picha, mfungulie albamu mpya, weka humo zile anazohitaji kuona, kisha mwalike kwa jina lake. Ile ya zamani iache ilivyo, na watu wake walewale. Najua wengine mtasema ninakuza mambo, ni picha tu. Basi sikieni kwanza.

Nyumbani kwetu ni Voi. Mwaka 2019 nyanya yangu alifanyiwa upasuaji wa mguu, na kwa sababu ana sukari, kidonda kikakataa kupona. Mama yangu mdogo ni muuguzi huko Doha. Ndipo tukafungua albamu ya pamoja, watu saba tu. Kila baada ya siku mbili, bendeji ikibadilishwa, binamu yangu alikuwa akikipiga picha kidonda karibu na dirisha, na rula kando yake ili urefu uonekane. Usiku mama mdogo akitoka zamu anazitazama, anapiga simu, anatoa maagizo. Kuna siku alituambia tusingoje hata asubuhi, tumrudishe hospitali usiku huohuo. Ninaamini albamu ile iliuokoa ule mguu. Kwa hiyo msiniambie ninachukia teknolojia. Nyanya mwenyewe alikubali kupigwa picha, akasema, "Pigeni, lakini ni za kumwonyesha mwanangu."

Kidonda kilipona mwaka 2020. Albamu haikufungwa.

Ndivyo albamu hizi zilivyo, hazina mwisho. Kitabu cha picha cha zamani, kile cha jalada gumu na karatasi za plastiki, kilijaa kikawekwa juu ya kabati na maisha yakaendelea. Hii ya simu haijai. Ikawa kama droo ya jikoni ambayo kila mtu anatupia kitu. Picha za watoto wakiogeshwa kwenye beseni. Hati ya shamba, ambayo mjomba aliipiga picha ili asiibebe kwenye matatu. Kadi za kliniki. Vitambulisho vya wazee wetu wawili, pande zote mbili, tulipokuwa tukiwasajili SHA mwaka 2024. Mbuzi wa Krismasi, bila shaka. Zaidi ya picha elfu tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa chini kufuta chochote.

Sasa binamu yangu anaolewa. Mnazijua kamati zetu za harusi: kundi la WhatsApp lenye watu 140, nusu yao huwajui. Kuna kwaya ya kanisa, kuna wafanyakazi wenzake bwana harusi, kuna mpishi, mwenye mahema na viti, na kijana wa vyombo vya muziki. Mtu akaomba picha za utotoni za bibi harusi ili zionyeshwe kwa projekta siku ya sherehe. Ombi zuri kabisa. Shangazi yangu, ambaye ana moyo mzuri kutuzidi sisi sote, akaifungua ile albamu, akabonyeza kitufe cha kushiriki, akanakili kiungo (linki, kama tunavyoiita mtaani), akakitupa kundini saa tatu usiku. Akaandika: "Picha ziko humu, jichagulieni."

Nilikiona kile kiungo asubuhi saa moja na dakika ishirini. Nikakizima papo hapo. Lakini tayari mwenye mahema alikuwa ameibandikia alama ya moyo picha ya kidonda cha nyanya yangu. Labda kidole kiliteleza. Sijui, na sikumwuliza, ningeanzia wapi?

Jumapili iliyofuata, mama mmoja alimshika nyanya mkono mlangoni mwa kanisa akampa pole ya mguu. "Kumbe kilikuwa kikubwa vile!" Alisema kwa huruma, sina shaka. Jioni nyanya alinipigia simu mimi, kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kompyuta" wa ukoo. Hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Huyo aliingiaje chumbani kwangu?"

Nimekaa na swali hilo siku kumi sasa.

Rahisi ni kumlaumu shangazi. Mimi ninakataa. Shangazi alifanya kile alichofundishwa na simu yake. Kwa miaka mingi kundi la WhatsApp limetuzoesha kitu kimoja: mgeni akiongezwa leo, anaona yanayoandikwa kuanzia leo. Yaliyosemwa kabla hajaingia hakuyaona. Ndiyo maana watu humsengenya mtu, halafu wanamwongeza kundini bila wasiwasi (msijifanye hamjawahi). Shangazi alidhani albamu inafanya kazi vivyo hivyo, au pengine hakudhani chochote, maana hakuna kilichomsimamisha adhani. Albamu ni kinyume kabisa. Anayeingia anapewa yote yaliyopita kwa mkupuo, tangu picha ya kwanza. Umemwalika harusini, lakini umempa pia miaka sita ya nyumba yenu.

Na sasa nije kwetu sisi watengeneza programu, maana hapa ndipo penye uozo.

Mwaka 2022 nilikuwa nimeajiriwa na kampuni moja, na tulikuwa tukitengeneza programu ya shule za chekechea, mwalimu apige picha na wazazi wazione. Sehemu ya kualika niliiandika mimi. Ni kazi ndogo. Kuna jedwali la albamu na jedwali la wanachama. Mtu akifungua albamu, seva inauliza swali moja: je, huyu yumo katika orodha ya wanachama? Akiwemo, mpe picha zote. Basi. Katika mkutano mmoja mwenzangu, dada aliyekuwa akipima programu kabla haijatoka, aliuliza: mzazi anayejiunga muhula wa tatu aone picha za kuanzia lini? Nikamjibu mimi, bila hata kuinua macho: "Zote. Ndiyo rahisi." Mkutano ukasonga mbele.

Kurekebisha kungegharimu nini? Safu moja ya tarehe kwenye jedwali la wanachama, na ulinganisho mmoja: picha hii iliwekwa kabla au baada ya huyu kuingia? Halafu skrini moja kwa anayealika: "Unataka aone za zamani pia?" na jibu la kawaida liwe hapana. Kazi ya alasiri moja, nikizidisha sana ni siku mbili pamoja na majaribio. Hatukuifanya kwa sababu hakuna aliyekuwa akipimwa kwa hilo. Tulipimwa kwa idadi ya mialiko. Kila skrini unayoiweka kati ya kidole na mwaliko inapunguza mialiko, na meneja anauliza kwa nini mchoro umeshuka. Hiyo ndiyo sababu yote. Si ugumu wa hesabu.

Sitataja huduma ambayo familia yetu inaitumia, maana si suala la kampuni moja. Lakini tutazame zile kubwa zinavyofanya kazi, mjue mnashika nini mkononi.

Google Photos ina njia mbili. Unaweza kumwalika mtu kupitia akaunti yake, au unaweza kuwasha kiungo. Kiungo kikiwashwa, yeyote aliye nacho anaiona albamu, hata asiye na akaunti ya Google. Albamu moja ya pamoja inaweza kubeba hadi picha na video 20,000. Hebu fikiria droo ya ukubwa huo. Apple nao, kwenye albamu za pamoja za iCloud, wanaweka kikomo cha watu 100 na picha 5,000, na mwenye albamu huwaalika watu kwa anwani zao. Ni afadhali kidogo. Lakini hata huko kuna swichi ya kuigeuza albamu kuwa tovuti ya hadhara ambayo yeyote mwenye anwani yake anaifungua. Na kote kuwili, mgeni akishaingia, anaona tangu mwanzo.

Wenzangu wa kazi hupenda kutetea viungo hivi. Wanasema ni mlolongo mrefu wa herufi za nasibu, hakuna anayeweza kuukisia hata akijaribu maisha yake yote. Ni kweli! Na haihusiani na chochote. Nani anakisia? Watu hawakisii viungo, wanavipeleka mbele. Ujanja huu ni wa tangu Picasa Web Albums ya mwaka 2006, ambayo albamu zake zisizoorodheshwa zilikuwa na ufunguo umebandikwa ndani ya anwani yenyewe. Picasa ilistaafishwa mwaka 2016, ufunguo ndani ya anwani ukabaki ukitumika kila mahali. Tunajenga kufuli imara ajabu, halafu tunaandika namba zake kwenye karatasi na kumwambia shangazi akaigawe.

Kuna na jambo la mahali. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa mita chache, kama hukuzima. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maandishi hayo huondolewa. Kwenye albamu ya pamoja inategemea mipangilio, na kwenye Google Photos kuna swichi yake. Nilipoikagua yetu, ilikuwa imewashwa. Kwa hiyo hati ya shamba, vitambulisho vya wazee, na ramani ya kufika mlangoni mwao, vyote katika mfuko mmoja.

Mtu akaniambia, peleka kesi, siku hizi kuna sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, ndiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina meno pia. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. (Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka lile jibu langu la "ndiyo rahisi", na tumbo likanicheza.) Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 51, inayaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani. Iwapo kundi la watu 140 lenye mwenye mahema ndani yake bado ni "nyumbani", mawakili wabishane. Mimi sitampeleka shangazi yangu kwa kamishna. Ninachosema ni kwamba serikali haitaingia kwenye albamu ya ukoo wenu kuwapangia. Kazi hiyo ni yenu.

Sasa pingamizi, maana nimezisikia zote wiki hii.

Ya kwanza ilitoka kwa mjomba: "Familia ni moja, mnafichana nini?" Hii inauma, na haina jibu jepesi. Kuongezwa kwenye albamu ya ukoo si jambo la kiufundi tu. Shemeji mpya akiongezwa, ameambiwa kuwa sasa ni wetu. Akiachwa nje anajua, na hasahau. Nimeona mke wa ndugu yangu akikaa mwaka mzima nje ya albamu kwa sababu kila mmoja alidhani mwingine amemwongeza, na mpaka leo hulitaja. Kwa hiyo sisemi tuwafungie watu mlango. Ninasema wapewe albamu inayoanza na wao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hata methali hiyo haikusema mgeni apewe funguo za kabati. Hupokelewa sebuleni, hupewa kiti kizuri kuliko cha mwenyeji, na hakuna aliyewahi kununa kwa sababu hakuonyeshwa chumba cha kulala cha bibi.

Ya pili ni ya wenzangu wa teknolojia, nayo inaniudhi zaidi kwa sababu inavaa koti la hekima: "Picha ikishaingia mtandaoni si siri tena." Upuuzi. Picha ya mguu wa nyanya ilikaa mtandaoni zaidi ya miaka mitano. Watu saba waliiona, kwa ridhaa yake, na hakuna aliyedhurika. Kinyume chake, alipona. Siku alipoumia ilikuwa ileile picha, kwenye seva ileile, bila hata nukta moja kubadilika. Kilichobadilika ni orodha ya watazamaji. Kwa hiyo swali la "iko mtandaoni au haiko" halina maana kwa mtu wa kawaida. Swali ni nani anaona, na je, aliyepigwa picha alimjua huyo alipokubali? Nyanya, ambaye hajawahi kugusa tarakilishi, alilielewa hilo mwaka 2019 kuliko sisi wenye digrii.

Ya tatu ni ya nafasi: albamu mpya italeta picha mara mbili na simu itajaa. Hapana, angalau kwa picha zako mwenyewe. Kwenye Google Photos, picha yako ikiwa ndani ya albamu mbili au kumi bado ni picha moja. Albamu inaielekeza tu. Kinachokula nafasi ni kuhifadhi kwako picha za watu wengine, maana tangu tarehe 1 Juni 2021 kila unachohifadhi kinahesabiwa katika zile GB 15 za bure, pamoja na barua pepe zako. Dawa yake ni kila mtu aweke picha zake mwenyewe kwenye albamu mpya. Ndivyo tulivyofanya, na kwa kweli ilichukua dakika chache kuliko zilizotumika kubishana.

Ya nne, "hatuna muda". Haya. Shangazi alitumia labda sekunde kumi. Mimi nimetumia siku kumi, na bado sijui ni nani aliyepakua nini usiku ule, wala sitajua. Kuzima kiungo kunafunga mlango, hakurudishi kilichokwisha kubebwa. Jaribu kumweleza hilo mzee mwenye hati ya shamba.

Kwa hiyo nimefanya nini? Albamu ya zamani imebaki na watu wake saba, kiungo kimezimwa, mahali pamefichwa. Hati na vitambulisho nimevitoa kabisa. Hivyo havikuwa picha, vilikuwa nyaraka zilizopotea njia. Za kidonda nilitaka kuzifuta, nyanya akakataa. Anasema ni zake na mwanaye, zikae, huenda mguu ule mwingine ukahitaji kulinganishwa. Albamu ya harusi ni mpya, ina picha 38 tu za bibi harusi, kuanzia akiwa na meno mawili hadi siku ya mahafali, na walioalikwa kwa majina ni wanakamati sita na kijana wa projekta. Kundi zima la watu 140 litaziona siku ya harusi kama kila mtu.

Nyote mnaoandika programu za aina hii, nami nikiwemo: iongezeni ile safu ya tarehe. Nimemwandikia yule dada aliyeniuliza lile swali, nikamwambia alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mvivu. Amejibu kwa neno moja, "Najua."

Shangazi sasa amekuwa mkali kunizidi. Jana ameniandikia akiuliza kama dereva wa basi la harusi anafaa kuongezwa kwenye albamu mpya, kwa sababu ameomba. Nimemwambia amwulize kwanza bibi harusi. Bado tunangoja jibu.